Beijing na Funzo la Ukuta Uliobomolewa

Mgeni apandaye treni ya chini ya ardhi mjini Beijing, katika njia ya pili inayouzunguka moyo wa mji ule, husikia vikitajwa vituo vyenye majina kama Chaoyangmen, Dongzhimen, Andingmen, Xizhimen, Fuchengmen na Xuanwumen. Neno "men" katika Kichina maana yake ni lango. Msafiri huyo, basi, anatangaziwa malango. Lakini akishuka Chaoyangmen, akapanda ngazi na kutokea juu, halioni lango. Anaona barabara pana yenye magari yasiyokwisha, na majengo marefu ya vioo kila upande. Hapo zamani nafaka ya kulisha mji mzima ilikuwa ikiingia kwa lango hilo. Leo lango halipo, limebaki jina.

Watu wengi waliotembelea Beijing husema kwamba mji huo umeoanisha mila na maisha ya kisasa. Usemi huo ni wa kweli, lakini si ukweli wote. Mila na usasa havikutani vyenyewe njiani na kupeana mikono. Kila jengo la kale lililosimama leo limesimama kwa sababu watu fulani waliamua lisibomolewe, na kila lililotoweka limetoweka kwa sababu watu fulani waliamua liondoke. Mazungumzo haya yanahusu maamuzi hayo. Faida yake si kuusifu mji wa kigeni, bali kutazama jinsi taifa kubwa lilivyolipa gharama ya kujifunza, ili wengine wajifunze bila kulipa tena.

Kwanza, ni vema kuutazama mji wenyewe. Mwaka 1267 Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia aliyeitawala China, alianza kujenga mahali hapo mji mkuu ulioitwa Dadu. Baadaye mfalme Yongle wa nasaba ya Ming alijenga hapo jumba lake kuu kati ya mwaka 1406 na 1420, na mwaka 1421 akaufanya mji huo kuwa makao makuu ya dola. Waliouchora walianza na mstari mmoja ulionyooka kutoka kaskazini hadi kusini, kisha wakapanga vyote kulia na kushoto kwake. Mstari huo wa kati una urefu wa kilomita 7.8. Unaanzia kwenye Mnara wa Kengele na Mnara wa Ngoma upande wa kaskazini, unapita katikati ya jumba la wafalme, na kuishia lango la Yongdingmen upande wa kusini. Mwezi Julai mwaka 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliuingiza mstari huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Jumba hilo la wafalme ndilo linaloitwa Mji Uliokatazwa. Wafalme 24 walikaa humo, 14 wa nasaba ya Ming na 10 wa nasaba ya Qing. Kwa karne tano mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kukanyaga ndani yake. Mfalme wa mwisho alitolewa humo mwaka 1924, na tarehe 10 Oktoba, 1925, malango yakafunguliwa na jumba likawa makumbusho ya watu wote. Hilo ni jambo la kuzingatia. Watu waliouangusha ufalme wangeweza kulichoma jumba lake kwa hasira, lakini hawakufanya hivyo. Walielewa kwamba mbao na vigae vile havikuwa kazi ya wafalme. Vilikuwa kazi ya mikono ya mafundi, na mafundi walikuwa watoto wa wakulima.

Kusini mwa jumba hilo iko Hekalu la Mbingu, ambako wafalme walikwenda kila mwaka kuomba mavuno mema. Ukumbi wake mkubwa una urefu wa mita 38 na umebebwa na nguzo 28 za mbao. Nguzo nne za katikati ni majira manne ya mwaka, kumi na mbili zinazofuata ni miezi, na kumi na mbili za nje ni saa za siku kwa hesabu ya Wachina wa kale. Ukumbi uliotangulia huu ulipigwa na radi mwaka 1889 ukateketea. Mafundi wakaujenga upya kwa mfano ule ule.

Lakini anayetaka kuona mila iliyo hai asiishie kwenye nguzo. Na afike bustani ya Hekalu hilo asubuhi mapema. Atawakuta wazee kwa vijana wakinyoosha viungo kwa taratibu za taijiquan, wengine wakicheza karata, wengine wakiimba nyimbo za michezo ya jukwaani ya kale. Atamwona mzee ameshika brashi ndefu kama fimbo ya ufagio, anaichovya katika ndoo ya maji na kuandika herufi kubwa juu ya sakafu ya mawe. Jua likichomoza, herufi za kwanza zinakauka kabla ya zile za mwisho kumalizika. Mzee huyo hanung'uniki. Anachovya tena na kuanza upya. Kisha, akiona kiu, anakwenda kwenye kibanda, ananunua chai na kulipa kwa simu ya mkononi. Haoni ajabu yoyote katika kufanya yote mawili. Ajabu huiona mgeni.

Hali hiyo iko katika mitaa mingi. Katika mtaa wa Niujie uko msikiti ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 996. Mapaa yake yamepinda na nguzo zake zimepakwa rangi nyekundu kwa desturi ya Wachina, lakini ndani yake yameandikwa maneno ya Kiarabu, na katika mitaa inayouzunguka nyama inayouzwa ni halali. Vivyo hivyo, duka la dawa za asili la Tongrentang, lililoanzishwa mwaka 1669, lingali linauza mizizi na magome yaliyopimwa kwa mizani, huku mji unaolizunguka ukiwa na hospitali kubwa za kisasa.

Na mji wenyewe ni mkubwa kweli kweli. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu karibu milioni 22. Reli zake za abiria, nyingi zikiwa chini ya ardhi, zina urefu wa zaidi ya kilomita 800. Ilipoandaliwa michezo ya Olimpiki ya mwaka 2008, uwanja mkubwa uitwao Kiota cha Ndege ulijengwa kaskazini, kando ya mstari ule ule wa kati uliochorwa enzi za wafalme, ambao sasa umerefushwa. Mchoraji wa kale na mchoraji wa leo walishika kamba moja.

Ndugu wasikilizaji, hadi hapo sifa za mji zimetajwa. Sasa ni lazima kutaja jeraha lake.

Mwaka 1949, China mpya ilipozaliwa, Beijing ulikuwa bado umezungukwa na ukuta. Ukuta wa ndani peke yake ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 24, na juu yake ulikuwa mpana zaidi ya mita 10. Ulikuwa na malango makubwa tisa, minara pembeni, na handaki la maji nje. Ulikuwa umesimama kwa zaidi ya miaka 500.

Swali likazuka: serikali mpya ijenge wapi ofisi zake? Mwezi Februari mwaka 1950 wataalamu wawili, Liang Sicheng na Chen Zhanxiang, walitoa pendekezo. Walisema makao ya serikali yajengwe nje ya mji mkongwe, upande wa magharibi, mahali penye nafasi ya kutosha, na mji wa kale uachwe mzima. Kuhusu ukuta, Liang alipendekeza juu yake pafanywe bustani ya wananchi, ipandwe maua na kuwekwa viti, ili mfanyakazi atokaye kazini jioni apande na familia yake kupunga upepo na kuutazama mji wake. Palipohitajika kupita magari, matundu mapya yangetobolewa.

Liang hakuwa adui wa China mpya. Yeye na mkewe, Lin Huiyin, aliyekuwa pia msanifu wa majengo, walikuwa miongoni mwa walioshiriki kubuni nembo ya taifa hilo jipya. Hata hivyo pendekezo lake lilikataliwa. Waliolikataa nao walikuwa na hoja zao. Nchi ilikuwa imetoka vitani na fedha hazikuwapo. Kuanza mji mpya kando ya ule wa zamani kulionekana ni anasa. Mji mkuu ulitakiwa uwe na viwanda na njia za usafiri, na ukuta ulionekana ni kizuizi cha magari na alama ya ukabaila.

Ukuta ukaanza kuondolewa kidogo kidogo. Lango la Yongdingmen lilibomolewa mwaka 1957. Mwezi Februari mwaka 1965 Mwalimu Julius Nyerere alipofika Beijing kwa ziara ya kiserikali, sehemu kubwa ya ukuta wa ndani ilikuwa ingali imesimama. Mwezi Julai wa mwaka huo huo, kazi ya kuchimba reli ya chini ya ardhi ilianza. Njia iliyochaguliwa ilifuata mstari wa ukuta na handaki lake, kwa kuwa huko nyumba za watu za kubomolewa zilikuwa chache. Treni za kwanza zilianza kupita tarehe 1 Oktoba, 1969. Mwalimu aliporudi mwezi Machi mwaka 1974, sehemu ya mahali pa ukuta ilikuwa imegeuka kuwa njia ya reli, na juu yake barabara.

Katika ubomoaji huo lilitokea jambo linalosikitisha. Mwaka 1969, walipokuwa wakivunja lango la Xizhimen, wafanyakazi walikuta ndani ya matofali yake lango jingine la kale zaidi, lililojengwa mwaka 1358 na kuzibwa enzi za Ming. Kwa karne nyingi hakuna mtu aliyeliona. Wataalamu walikuja haraka, wakalipima na kulipiga picha. Kisha nalo likabomolewa.

Liang Sicheng alifariki mwaka 1972. Aliishi muda wa kutosha kuuona ukuta ukiondoka.

Hapana budi kusema haki. Reli ile ilihitajika, na leo mamilioni ya wafanyakazi hufika kazini kwa treni. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema watu wangetembea kwa miguu ili matofali yabaki. Lakini Liang hakusema reli isijengwe, wala hakusema ofisi zisijengwe. Alisema zijengwe pengine. Kosa halikuwa kutaka maendeleo. Kosa lilikuwa kuamini kwamba maendeleo hayana mahali pengine pa kupita isipokuwa juu ya mgongo wa ya kale.

Lipo na kosa la upande wa pili, na hili nalo lisifichwe. Mgeni anapotembea katika vichochoro vya Beijing vinavyoitwa hutong, hupendezwa sana. Kuta ni za matofali ya kijivu, mapaa ya vigae, miti inachungulia juu ya kuta, na wazee wamekaa vitini mlangoni. Nyuma ya kila mlango ziko nyumba zilizojengwa pande nne kuuzunguka ua. Nyumba ya kaskazini inayotazama jua la kusini ndiyo ya wazee wa ukoo. Mgeni hupiga picha na kusema, "Haya yasiguswe."

Lakini mgeni halali humo. Katika karne ya ishirini ua uliokuwa wa ukoo mmoja uliingizwa familia nyingi. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la Tangshan la mwaka 1976, watu walijenga vibanda vya kujihifadhi katikati ya nyua, na vibanda hivyo vikageuka majiko na vyumba vya kudumu, hata njia ya kupita ikabaki ya mtu mmoja. Familia kadhaa zilitumia bomba moja la maji. Choo kilikuwa cha umma, nje kichochoroni, na usiku wa baridi kali bibi kizee alilazimika kuvaa koti na kukifuata huko. Nyumba zilipashwa joto kwa makaa ya mawe yenye moshi. Kumwambia mtu anayeishi hivyo kwamba nyumba yake ni urithi wa dunia, bila kumpa maji na choo, ni kumdhihaki. Si ajabu kwamba wengi walipopewa nafasi ya kuhamia ghorofa lenye bomba ndani walifurahi, ingawa wengine waliohamishwa mbali na majirani zao walilia.

Je, hapakuwa na njia ya tatu? Ilikuwapo, na ilionekana katika kichochoro kimoja kiitwacho Ju'er. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, msanifu Wu Liangyong, aliyekuwa amefanya kazi pamoja na Liang Sicheng katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, alijenga upya nyumba zilizokuwa zimechakaa. Hakuleta maghorofa marefu. Alijenga nyumba za ghorofa mbili na tatu kuzunguka nyua, kama desturi ya kale, akaibakiza miti mikubwa mahali pake, na kila familia ikapata maji, jiko na choo ndani. Mradi huo ulipewa Tuzo ya Makazi ya Dunia mwaka 1992. Haukuwa mkamilifu, maana wakazi wengi wa awali hawakurudi katika nyumba mpya. Lakini ulithibitisha kwamba choo na ua vinaweza kukaa pamoja. Aliyesema ni lazima kuchagua kimoja hakuwa amefikiri vya kutosha.

Njia hiyo haikufuatwa kila mahali. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vichochoro vingi vilibomolewa kupisha maduka na ofisi. Mwanzoni mwa mwaka 2012 hata nyumba walimoishi Liang Sicheng na Lin Huiyin, katika kichochoro cha Beizongbu, ilibomolewa. Watu wengi nchini China walikasirika. Nyumba ya mtu aliyetumia maisha yake kutetea nyumba za kale haikupata mtetezi kwa wakati.

Mwisho wa hadithi ndio wenye funzo kubwa zaidi. Mwaka 2017 mji wa Beijing ulipata mpango mkuu mpya, na mpango huo ulitamka kwamba mji mkongwe, wenye eneo la kilomita za mraba 62.5, usibomolewe tena. Mwezi Januari mwaka 2019 serikali ya mji ilihamisha ofisi zake kuu kutoka mji mkongwe kwenda Tongzhou, upande wa mashariki, ili kupunguza msongamano. Msikilizaji na apige hesabu mwenyewe. Mwaka 1950 mtaalamu alisema: ofisi zijengwe nje ya mji mkongwe. Miaka 69 baadaye ofisi za mji zikahamia nje ya mji mkongwe. Ushauri uliokataliwa ulikubaliwa hatimaye, japo kwa upande mwingine wa dira, wakati ukuta haupo tena. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Kwa nini jambo hili liwahusu Waswahili? Linawahusu kwa sababu uamuzi wa namna hiyo unangoja katika kila mji wa pwani ya Afrika Mashariki. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Lakini kuandikwa katika orodha hakuzuii mvua kupenya ukutani. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba, 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la kale haliangushwi na nyundo peke yake. Huangushwa pia na usahaulifu. Na watu wanaoishi katika nyumba za mawe za Unguja, Lamu au Mombasa wana haki ile ile ya wakazi wa vichochoro vya Beijing: maji yatoke bombani, paa lisivuje, na mlango wa kuchongwa ubaki mahali pake, usiuzwe kwa mtalii.

Yapo basi mambo matatu ya kushikwa. La kwanza, kabla ya kubomoa, iulizwe kama kinachotakiwa kujengwa hakiwezi kujengwa pengine. La pili, atakayehifadhi nyumba ahifadhi na mwenye nyumba, kwa maana mila isiyo na watu ni makumbusho tu. La tatu, mtaalamu anayetoa ushauri usiopendeza asikilizwe kabla hajafa.

Katika upande wa kusini-mashariki wa Beijing ya kale, kipande cha ukuta chenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu kilinusurika, kikiwa kimefichwa nyuma ya vibanda na maghala. Katika miaka ya 1990 ilipoamuliwa kukitengeneza, matofali ya kale hayakutosha. Wananchi wakaombwa wayarudishe. Maana ukuta ulipobomolewa, watu walikuwa wameyachukua matofali yake kujengea majiko, mabanda na mahandaki ya kujikinga na mabomu. Wakayarudisha. Wengine waliyaleta kwa baiskeli, wengine kwa mikokoteni, na mafundi wakayapanga tena mahali pake. Bustani ya ukuta huo ilifunguliwa mwaka 2002. Jioni wafanyakazi hupita hapo na familia zao kupunga upepo, kama Liang Sicheng alivyotaka, ila wanatembea chini ya ukuta, si juu yake, na kwa kilomita moja na nusu badala ya 24.